Mguso wa Pili

4 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Salamu nyingi, na kabla hujaanza kuruka mistari kutafuta habari mbaya kama ilivyo kawaida yako, nakuambia mapema: hakuna aliyekufa. Sisi wazima. Baba yako goti linamsumbua, ila mdomo hauna tatizo lolote. Amegombana tena na jirani kwa sababu ya ule ukuta wa uani, na safari hii wamenuniana kabisa. Kila asubuhi wanatoka nje wakati mmoja ili kila mtu apate nafasi ya kumnyima mwenzake salamu. Binamu yako aliyeolewa mwaka jana ana mimba, lakini bado ni siri, kwa hiyo mimi sijakuambia.

Barua hii naichapa wodini, wakati wa mapumziko. Usinipigie simu kunijibu. Unajua mimi na simu hatuivi. Sikio la kushoto limeshastaafu, na la kulia linasikia linachotaka. Jambo la maana huandikwa.

Na jambo lenyewe ni hili: programu yako imeharibika.

Naona umeshakunja uso. Kunjua. Mimi ndiye niliyeipigia debe hapa hospitalini mpaka wakaikubali. Niliwaambia ni programu ya kuandikia anayoishughulikia mtoto wa kaka yangu, haina madoido, haina usumbufu, na kwa muda mrefu ilinipa heshima. Sasa tangu kabla ya mwaka mpya nagonga kitufe mara moja, yenyewe inaandika mara mbili. Nafuta, naandika upya, inarudia tena. Kibodi wamenibadilishia na mambo ni yaleyale, kwa hiyo usije ukaniambia ni kibodi.

Kazi yangu unaijua. Mgonjwa akiruhusiwa, mimi ndiye ninayemchapia karatasi ya kwenda nayo nyumbani: dawa gani, kiasi gani, mara ngapi. Mwandiko wa madaktari hawa hata wenyewe ukiwarudishia wanauliza ni wa nani. Mimi nausoma, nachapa, daktari anatia sahihi bila kutazama, kwa sababu miaka yote hii hajanikuta na kosa. Wodi nzima wananiita Cherehani, wala si kwamba nashona. Karatasi moja nilikuwa naimaliza kabla daktari hajamaliza kunawa mikono. Sasa inanikalisha mpaka muuguzi mkuu, Sista wetu huyu, anakuja kusimama nyuma ya kiti changu. Mimi kusimamiwa sipendi, na sijawahi kupenda.

Rekebisheni.

Shangazi yako,
Cherehani


23 Februari

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Barua yako imenifikia jana, na kwa kweli niliruka mistari. Kisha nikarudi mwanzo nikaisoma kwa adabu. Nafurahi hakuna aliyekufa. Habari ya binamu sijaisikia.

Mimi mzima. Chumba ni kilekile cha ghorofa ya juu, bomba la jikoni bado linadondosha maji, na mwenye nyumba bado anakuja "kesho". Kazini kumetolewa tangazo jingine la kupunguza watu. Hakuna anayejua ni nani, basi kila mtu anafanya kazi kwa mkono mmoja na kutafuta kazi kwa mwingine. Mimi natembea tu chumbani, kutoka dirishani hadi mlangoni, mpaka mtu wa chini amegonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Sasa kuhusu programu. Unapogonga kitufe, Shangazi, kibodi haipeleki herufi. Inapeleka ishara: kitufe hiki kimeshuka. Ukiinua kidole inapeleka ishara nyingine: kimepanda. Sehemu ninayoishughulikia mimi ni kama mlango wa mapokezi. Ishara zote zinapita hapo, na hapo ndipo inapoamuliwa kwamba hii ni herufi, hii ni amri ya kufuta, huyu ameburuta mausi, huyu ameegemeza kiwiko. Programu haioni kidole. Haijui ni chako, au ni cha mtoto, au paka amepita juu ya kibodi. Inajua kushuka na kupanda, basi.

Kwa hiyo ikiandika mara mbili, ni kwa sababu imeambiwa mara mbili. Nimeukagua mlango wangu tangu asubuhi hadi jioni. Fundi mkuu wetu, tunayemwita Mzee Taratibu kwa sababu hata chai huinywa kana kwamba ataulizwa maswali baadaye, ameukagua pia. Hatukuona kasoro. Na hakuna mtu mwingine aliyelalamika.

Naomba uniambie: ni herufi zote zinazorudia, au ni baadhi? Niandikie zile zinazokusumbua.

Na jambo jingine dogo. Barua zako zamani uliziandika kwa mkono, ule mwandiko wa kulala ambao mwalimu wangu alitaka niuige. Hii ni ya tatu kuja imechapwa. Hata sahihi hakuna, jina nalo limechapwa. Ni haraka tu, au?

Mwanao,
Kiherehere


19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi, si kwa sababu nyingine.

Ukuta umeanguka wenyewe, kipande cha upande wa jirani. Baba yako ana furaha ambayo ni aibu kwa mtu wa umri wake. Anakaa dirishani na chai yake, anautazama.

Maelezo yako ya mlango wa mapokezi nimemsomea Sista, akasema sasa ameelewa kuliko alivyoelezwa na fundi wa kompyuta wa hapa. Nikajisikia. Zinazorudia ni hizi: u, i, o, p, n, m, l, k. Na sifuri. Sifuri ndiyo mkorofi wao. Herufi ikijirudia mtu atacheka, lakini sifuri ikijirudia mtu anakunywa dawa mara kumi. Basi kila sifuri naitazama, naitazama tena, ndipo naendelea. Hakuna hata moja iliyonipita. Ila uchovu wa kutazama huko ndio unaonimaliza, si kuchapa.

Kuhusu mwandiko: mimi ni mchapaji, nachapa. Wewe ni fundi wa programu, mbona huandiki barua zako kwa nyundo? Sahihi ni za watu wanaoogopa kukanwa.

Baba yako atakuandikia kwamba nimevunja vikombe vya marehemu mama. Mchongezi huyo. Ni viwili tu. Paka aliruka mezani.

Na usinizungushe na vijiswali vidogo. Nimekuomba urekebishe programu, hujaombwa upige ramli.

Cherehani


8 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Siku zote hizi nimekuwa nashuka kutazama sanduku la barua asubuhi na jioni, mpaka mlinzi ananiuliza kama nina kesi mahakamani. Ngojangoja huumiza matumbo, na langu limeumia.

Mimi mzima, kazi bado ninayo. Baba ameniandikia. Anasema nyumbani hakuna paka. Anasema hapajawahi kuwa na paka tangu nikiwa shuleni, na yule alikuwa wa jirani.

Nimeweka kibodi yangu mezani, nikaufunika upande wa kushoto kwa gazeti. Herufi zote ulizonitajia zikabaki wazi. Sifuri pia. Zote ziko upande wa mkono wa kulia. Nimeufunua upande wa kushoto nikatafuta hata moja uliyoilalamikia, sikuipata. Nilikuambia programu yangu haijui kidole. Haijui wa kulia na wa kushoto pia.

Mkono wako wa kulia ukoje?

Nimeandika swali hilo nikalikata, nikaliandika tena. Namkumbuka Babu kwenye meza ya chakula, mkono wake ukichezacheza, na wewe unaushika chini ya kitambaa cha meza huku ukiongea na wageni kana kwamba hakuna kitu. Nilikuwa mdogo, nilikaa chini, nikaona. Na wewe ndiye uliyemlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Methali ya mficha maradhi wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hiyo sitaimalizia.

Nijibu hilo moja tu, Shangazi. Usiponijibu nitaanza tena kutembea, na yule wa chini ameshanunua fimbo ndefu zaidi.

Mwanao,
Kiherehere


30 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Huku baridi imeanza. Baba yako na jirani wamelazimika kusemezana kwa ajili ya matofali, lakini wanatumia mafundi kama wakalimani.

Umeuliza habari za mkono. Mkono umeungana na bega, bega limeungana na mimi, na mimi ni mzima.

Sista ameniita ofisini. Alinikaribisha kiti, akafunga mlango, akaanza na "unajua tunavyokuthamini". Mtu akikuanza hivyo jua umekwisha. Anataka kunipumzisha. Nikae mapokezi, nipokee wageni, niwaelekeze vyoo viliko. Mimi! Niliyesoma mwandiko wa kila daktari aliyepita katika jengo lile, wengine wameshastaafu! Nimemwambia tatizo ni programu, na kwamba mtoto wa kaka yangu anairekebisha, ni suala la wiki chache. Amesema sawa, wiki chache.

Sasa kama umeshindwa, sema umeshindwa. Sitakulaumu. Nitakwenda kuonyesha watu vyoo.

Shangazi yako


21 Mei

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Natumaini nyote hamjambo na ukuta umesimama. Mimi sijambo. Bomba la jikoni nimelifunga mwenyewe kwa kitambaa, na mwenye nyumba amenipongeza.

Nina habari njema, na samahani pia. Ulisema kweli. Kosa lilikuwa letu. Vitufe vya kibodi za siku hizi vina springi laini, vinadunda. Unagonga mara moja, kitufe kinashuka, kinapanda, kinashuka tena kidogo chenyewe, na mlango wangu ulikuwa unaupokea huo mdundo kama mguso mwingine. Sasa nimeukaza. Mguso wa pili ukifuata wa kwanza upesi mno, hauingii. Nimekutengenezea toleo lako peke yako, na nimeshampelekea fundi wa hospitali aliweke. Hutaona tofauti yoyote kwenye skrini. Andika tu kama ulivyokuwa ukiandika.

Mwambie Sista vyoo atafute mtu mwingine.

Lile swali langu la Aprili nimelifuta. Sitakuuliza tena.

Mwanao akupendaye,
Kiherehere


17 Juni

Mwanangu, mtoto wa kaka yangu, fundi wa mafundi!

Marahaba, na marahaba tena. Cherehani amerudi mjini. Tangu fundi aweke toleo lako sijafuta herufi hata moja kwa hasira. Karatasi zinatoka, daktari anaweka sahihi, mgonjwa anakwenda zake. Sista hasimami tena nyuma yangu, anapita mbali na kukohoa. Jana mmoja wa madaktari vijana alisimama mlangoni kusikiliza tu ninavyogonga, akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Nikaongeza mwendo kidogo, kumkomoa.

Nilijua ni mashine. Nilisema tangu mwanzo. Nilikuwa nimeanza kujitilia shaka, mwanangu. Siku nyingine nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda asubuhi nikishindwa kufunga vifungo vya shati kwa hofu tu ya kwenda kazini. Sasa shati nalifunga, polepole, lakini nalifunga. Nina furaha ambayo siwezi kuieleza. Sikujua kama kazi hii naipenda hivi mpaka ilipotaka kunitoka.

Baba yako hajambo. Ukuta umesimama, na sasa wanagombana kuhusu rangi.

Nafasi imebaki, basi nikuambie na hili, ingawa si la kuandikiwa barua. Juzi Sista alinirudishia karatasi ya mama mmoja. Daktari aliandika miligramu mia moja, yangu inasema kumi. Ajabu, maana naapa vidole vyangu viliandika mia. Nikasahihisha, nikamwambia ni macho, nitabadilisha miwani. Uzee hauji na mzigo mmoja.

Shangazi yako mwenye raha,
Cherehani


2 Julai

Shangazi, shikamoo. Salamu nyingine zitakuja baadaye.

Nilipofika kwenye mstari wako ule wa mwisho nilipiga simu hospitalini kabla sijakaa chini. Hukuja kwenye simu, nilijua hutakuja. Nimeongea na fundi wa kompyuta, akaliondoa toleo lako nikiwa bado nipo hewani naye. Nimeongea na Sista pia. Nimemwambia karatasi zote ulizochapa tangu toleo lile liwekwe zipitiwe upya, moja moja, zilinganishwe na walichoandika madaktari. Nimemwambia ni kosa la programu. Ni kweli, lakini si kweli yote, na iliyobaki nakuandikia wewe.

Vitufe havidundi, Shangazi. Nilikudanganya. Kinachodunda ni kidole chako. Mkono wako wa kulia unatetemeka, unagonga mara moja na mtetemo unagonga mara ya pili. Nilijua tangu nilipofunika ile kibodi kwa gazeti, na wewe ulijua kabla yangu.

Nilichofanya ni hiki. Niliiambia programu kwamba kitufe kilekile kikigongwa mara mbili kwa haraka sana, mguso wa pili ni mtetemo, iumeze. Haraka sana ni kiasi gani? Nilipima kwa vidole vyangu mimi. Niliandika sifuri mbili mara nyingi, polepole na haraka, nikaona zinapita zote, nikaridhika. Vidole vyangu! Nilisahau nampimia nani. Wewe ukiandika mia moja, zile sifuri mbili zinafuatana kwa haraka kuliko mtetemo wa mtu mwingine yeyote. Programu ikadhani ya pili ni ugonjwa, ikaimeza. Si kila mara. Ni pale tu ulipokuwa na furaha na mwendo umekukolea.

Nilimpelekea Mzee Taratibu kazi hii mwezi wa tano. Akaikataa. Alisema programu haimezi kitu cha mtu bila kumwambia. Kama kizuizi kipo, kionekane, na mwenye mkono aweze kukizima. Nilimwambia mwenye mkono hataki kuambiwa ana mkono. Akasema basi mpelekee daktari, usimpelekee programu. Nikangoja mpaka akaenda likizo, nikakutengenezea peke yako, nikaficha. Wakinifukuza kwa hilo wana haki.

Kwa nini? Kwa sababu ulikuwa unakwenda kuonyesha watu vyoo, na sikuweza kuvumilia. Kwa sababu nilitaka uwe mzima, na nilikuwa na njia ya kukufanya uonekane mzima, nikaona ni kitu kimoja. Sina raha, Shangazi. Sijui ni watu wangapi wametoka hapo na karatasi yenye sifuri pungufu. Nakaa, nasimama, nakaa.

Nakuomba usichape kiasi cha dawa tena. Na mwambie Sista kuhusu mkono. Mkono ni wako, kwa hiyo nimekuachia wewe useme. Usiposema, nitasema mimi, hata kama ndiyo barua ya mwisho utakayoipokea kutoka kwangu.

Mwanao


25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa baba yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asitie lake. (Sikuapa. Baba.)

Binamu yako amejifungua mtoto wa kike, ana sauti ya kuuza samaki. Sasa unaruhusiwa kujua kwamba alikuwa na mimba. Baba yako amekwenda kumwona mtoto akiwa na jirani, gari moja, na hawakuuana.

Najua umeteseka kwa kungoja. Nilitaka uteseke. Niliposoma barua yako nilikasirika mpaka nikashindwa kula, na kwa kuwa wewe uko mbali, nikamnyima chakula baba yako. (Siku mbili.) Nilikasirika kwa sababu ulinidanganya, na nilikasirika zaidi kwa sababu nilipokuwa na ile furaha, kumbe ulikuwa unaitazama ukijua. Furaha yangu ilikuwa ya kupewa, kama mtoto anayeshikishwa usukani wa gari lililozimwa. Hilo bado linaniuma.

Tulikaa na Sista ofisini kwake, karatasi zangu upande mmoja, maandishi ya madaktari upande mwingine. Mimi nasoma, yeye analinganisha. Tulizipata. Nyingi zilikuwa za dawa ndogondogo, na watu walishapona bila kujua. Moja haikuwa ndogo. Ilikuwa ya mzee mmoja fundi viatu, mgonjwa wa moyo. Dawa ya kutoa maji mwilini: mia ya daktari, kumi yangu.

Sista akasema atume gari. Nikasema gari liende na mimi.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti mlangoni, miguu imevimba hadi magotini, pekupeku, kwa sababu hakuna kiatu kinachoingia. Yeye, fundi viatu. Mkewe alitukaribisha ndani. Karatasi yangu ameibandika ukutani juu ya kitanda, na kila dawa ameiwekea alama ya kalamu asije akakosea. Akaniambia hajaruka hata siku moja. Kisha alipojua ni mimi niliyechapa, akanishukuru. Alisema ni mara yao ya kwanza kupata karatasi ya hospitali yenye maandishi ya kusomeka. Nilimshika mkono kwa mkono wangu wa kushoto.

Tumemrudisha wodini. Maji yametoka, anapumua vizuri, na sasa analalamikia godoro, ambayo ni dalili nzuri. Daktari anasema wiki nyingine nyumbani na tungekuwa tunaongea habari nyingine. Kila asubuhi napita kumsalimia. Nimewaambia yeye na mkewe yote. Mkewe hajanishukuru tena, na hivyo ndivyo inavyostahili.

Niliporudi ofisini Sista aliniuliza, "Kwa hiyo ni programu tu?" Ningeweza kusema ndiyo. Ulikuwa umeniachia mlango wazi, nami niliuona. Nikautoa mkono mfukoni, nikauweka juu ya meza yake, na sikuushika. Ulitetemeka mpaka miwani yake iliyokuwa mezani ikasogea. Tuliutazama wote wawili. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia. Wewe sitakuambia, utakasirika.

Sipo mapokezi. Nasoma mwandiko wa madaktari kwa sauti, mwingine anachapa, kisha nakagua kila namba kabla daktari hajatia sahihi. Huyo anayechapa anagonga kama mtu anayetafuta funguo gizani. Navumilia. Siku nyingine natoka nje kwanza.

Sasa kazi yako, kama bado unayo. Mwambie huyo Mzee Taratibu nimemsikia. Kile kizuizi nakitaka tena, kwa barua zangu tu, maana baba yako ananibadilishia maneno. (Uongo.) Lakini kiwe wazi. Kikimeza mguso wangu, kiseme. Kiweke alama, kilie, kifanye kitakavyo, ili niamue mwenyewe kama ule ulikuwa wangu au wa maradhi. Usiniamulie wewe. Hata kwa mapenzi, usiniamulie.

Kukusamehe nitakusamehe, ila si katika barua hii. Na mimi nilikuficha, najua, na yule mzee hatujui ni nani kati yetu aliyemvimbisha miguu. Tutaligawana.

Daktari wa mishipa ya fahamu amenipa tarehe 24 Septemba. Ilikuwa mapema zaidi, nikaahirisha, nikasema nina kazi nyingi. Mwanangu, mle ndani kuna viti viwili mbele ya meza, kimoja cha mgonjwa na kimoja cha aliyemsindikiza. Siku aliyoambiwa Babu yako maradhi yake, mimi nilikaa kile cha pili. Nilijua cha kufanya: nilishika mkoba, nikauliza maswali, nikamfunga koti tulipotoka. Sijui mtu wa kiti cha kwanza anafanya nini. Baba yako anataka kunisindikiza, lakini atalia kabla yangu. (Kweli.)

Omba ruhusa, uje.

Naogopa. Baba yako amesita kuliandika neno hilo, anasema halifanani na mimi. Nimemwambia aandike.

Shangazi yako